Kompyuta ya gereji: kabla ya programu za kuchora, weka daftari la deni

Laptopu zilizotumika zimejaa sokoni, na fundi akipata moja swali lake la kwanza huwa ni programu gani aweke. Akiingia YouTube ataonyeshwa mambo makubwa: kuchora vyuma kwa vipimo vya 3D, mashine za kukata mbao zinazoendeshwa na kompyuta, vifaa vya kusoma hitilafu za gari. Yote ni mazuri. Lakini sisi tuna maoni tofauti kidogo, na tunayasema tukimfikiria fundi aliye Mbwajumali, kisiwani Pate, anayetengeneza mashine za boti na pikipiki kwenye banda la nyumbani. Kwa huyo, programu ya kwanza ni jedwali la hesabu. Zile nyingine zitangoja.

Sababu yetu ni deni. Kazi ya fundi wa kule inafuata upepo. Kaskazi ikiwa imetulia, wavuvi wanatoka, pesa zinazunguka, na simu ya fundi inalia kutwa. Kusi likishika, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, bahari inachafuka na vyombo vingi vinakaa ufuoni. Mashine haingoji msimu kuharibika, kwa hivyo fundi anatengeneza leo na analipwa bahari ikifunguka. Katikati hapo mteja analipa kidogo kidogo: mia tano kwa simu, elfu taslimu mkononi, mia tatu kupitia kwa shemeji yake aliye Mokowe. Baada ya miezi minne, nani anakumbuka salio? Mteja anakumbuka alicholipa, fundi anakumbuka asicholipwa. Hapo ndipo watu waliosoma chuo kimoja huacha kusalimiana msikitini.

Tena kuandika deni si jambo la kigeni tulileta sisi watu wa simu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili la kuandikiana deni. Kwa hivyo ukimwambia mteja "ngoja niandike" si kwamba humwamini.

Sasa, vipi? Weka LibreOffice. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ndani yake kuna Calc, ambayo ni jedwali kama Excel. Tengeneza safu hizi: tarehe, jina la mteja, chombo, kazi iliyofanywa, bei mliyokubaliana, kilicholipwa, kodi ya muamala, na salio. Usiongeze nyingine kwa mwezi wa kwanza, maana jedwali lenye safu ishirini halijazwi na mtu. Kila malipo yaingie kwenye mstari wake, hata yakiwa ya mia mbili. Fomula ya SUMIF itakujumlishia yote aliyolipa mteja mmoja, na kichujio kitakuonyesha wenye salio peke yao.

Ile safu ya kodi ya muamala ndiyo tunaisisitiza zaidi. Kila malipo ya M-Pesa yana kodi yake ya herufi na namba 10, na haijirudii. Jina linaweza kufanana. Mbwajumali akina Athmani si mmoja. Kiasi kinaweza kufanana pia. Kodi haifanani. Ukiwa nayo, mwisho wa mwezi omba taarifa yako ya miamala kupitia apu au *334#, itakuja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa kwa nywila. Ifungue kwenye kompyuta, uweke jedwali lako kando, ulinganishe mstari kwa mstari. Malipo yaliyo kwenye jedwali na hayapo kwenye taarifa hayakuingia. Mara nyingine ni ujumbe wa uongo ulioonyeshwa ukiwa mikono imejaa grisi. Ujumbe kwenye simu ya mteja si uthibitisho kwamba pesa zimefika kwako. Salio lako ndilo uthibitisho.

Jedwali hilo hilo litakuambia jambo jingine ambalo mafundi wengi hawapendi kusikia, nalo ni bei. Sisi tuliosomea masoko tulifundishwa kupanga bei kwa kuangalia soko, yaani jirani anatoza ngapi. Sawa. Lakini chukua mfano wa kazi ya shilingi 3,000. Spea ni 1,800, kuisafirisha kutoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe kisha kwa boti ni 400, petroli ya kujaribia mashine ni 200. Umebaki na 600 kwa kazi ya nusu siku, na bado hazijalipwa zote. Andika gharama hizo miezi mitatu hivi, utaona ni kazi gani zinakulisha na zipi unazifanya kwa sababu ya udugu. Udugu ni sawa, bora ujue ndio unaoulipia.

Baada ya hapo ndipo tunakubali kuzungumzia programu nyingine, na ya pili kwetu si ya kuchora pia. Ni folda ya vitabu vya mashine. Ukienda mjini Lamu ama popote penye intaneti nzuri, pakua PDF za miongozo na michoro ya spea za mashine unazozishika kila siku, uzihifadhi. Yamaha Enduro ya hp 40, kwa mfano, spea zake nyingi namba zinaanza na 66T. Ukimtumia muuzaji wa Mombasa namba kamili ya impela pamoja na picha ya mchoro, hawezi kukuletea ya mashine nyingine. Ukimwambia tu "impela ya arobaini", umeacha mlango wazi, na gharama ya kurudisha spea ni yako. Pikipiki ni vivyo hivyo, Boxer ya 100 na ya 150 si kitu kimoja.

Kuchora? Kama unachomelea madirisha na mageti, LibreCAD inatosha kwa michoro bapa yenye vipimo, na FreeCAD ukitaka kuona kitu kwa pande zote. Mchonga milango anaweza kuchora nakshi kwa Inkscape akaichapisha kwa ukubwa halisi. Zote ni bure.

Kuna watakaosema daftari la karatasi linatosha, na simu ipo. Ni kweli kwa kiasi. Kama una wateja watano kwa mwezi, usinunue kompyuta kwa sababu yetu. Nunua daftari la ganda gumu. Na simu inafaa sana kuandika papo hapo. Ila kulinganisha taarifa ya miezi sita kwenye kioo cha simu ni kuumiza macho, na daftari lililoshikwa na oili halijumlishi.

Ukishaamua kuwa nayo, itunze. Usiandike PIN yako popote ndani yake, hata kwenye faili uliloliita "mapishi". Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN, iwe kwa simu au kwa barua pepe. Ukinunua laptopu yenye Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Kama ni nzee mno kwa Windows 11, Linux Mint huenda vizuri kwenye mashine za aina hiyo. Weka nywila ya kuingilia, kwa sababu majina, namba za simu na madeni ya wateja si habari za kusomwa na kila anayekuja kuchaji simu bandani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini hata isingekuwepo, nani angetaka deni lake lijulikane barazani?

Hewa ya chumvi inakula vyuma, na vumbi la gereji linafanya mengine, kwa hivyo ifunike na uiweke mbali na ukuta wa upande wa bahari. Kila Ijumaa nakili jedwali lako kwenye flashi, na flashi hiyo ilale nyumba nyingine, kwa mama ama kwa dada, isiwe kwenye mkoba mmoja na laptopu.