Masizi ya injini hayatoki kwa kumimina

Gari ikianza kutetemeka ikiwa imesimama na kula mafuta kuliko kawaida, mwenye gari wa Chake Chake hatakosa washauri. "Masizi hayo," atasema jirani wa Machomanne, na kahawa haijapoa dawa mbili zimeshatajwa: chupa ya kutia kwenye tangi, na maji. Mpira wa hewa ufunguliwe, mmoja akanyage mafuta, mwengine amimine maji kidogo kidogo injini iyavute.

Hilo la maji likataliwe waziwazi. Ni kweli kwamba mvuke hulegeza masizi ndani ya silinda, ndiyo maana mbinu yenyewe haijafa. Ila maji hayabanwi kama hewa. Mkono ukiteleza yakaingia mengi kwa pamoja, pistoni inayopanda huyakuta kama ukuta na konrodi hupinda. Pemba kifaa kama hicho mara nyingi husubiriwa kivuke bahari, na gari ya abiria iliyolala gereji haiingizi hata shilingi ya hesabu ya tajiri. Hasara kubwa namna hiyo haifai kubahatishiwa kikombe cha maji.

Chupa ya kwenye tangi haina hatari hiyo, lakini faida yake hutegemea injini, na hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa. Chukua Noah, gari inayojulikana na kila dereva. Ile ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 1996 na injini ya 3S-FE, nozeli zake hupuliza petroli kabla ya valvu za kuingizia hewa. Kila tone huzipitia na kuziosha, kwa hiyo dawa iliyochanganywa kwenye petroli huyafikia masizi. Ile iliyokuja 2001 na injini ya 1AZ-FSE, ambayo mara nyingi huandikwa D-4 juu ya kifuniko, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu zake hazioni petroli kabisa. Zinachopata ni mvuke wa oili na moshi unaorudishwa kuchomwa tena, na vitu hivyo hugandia hapo, tabaka juu ya tabaka. Mtu anaweza kutia chupa kumi tangini na valvu zisiguswe na hata tone moja. Toyota wenyewe walileta mfumo wa D-4S mwaka 2005, wenye nozeli mbili kwa kila silinda, moja ya ndani na moja ya nje, na valvu zikaanza tena kupata petroli.

Mwenye gari basi afanye nini nyumbani? Afanye kazi ambayo jicho linaiona na mkono unaifikia.

Aanze na mdomo wa hewa, ile throtoli. Injini iwe imepoa, swichi imezimwa, mpira wa hewa utolewe. Ndani mna kisahani cha duara kinachofunga na kufungua njia, na pembezoni mwake, pale kinapokutana na ukuta, utaonekana mviringo mweusi unaonata kama lami. Uzi huo mwembamba unatosha kuvuruga hewa ya injini ikiwa imesimama. Dawa ya kusafishia throtoli ipuliziwe kwenye kitambaa, isipigwe ndani moja kwa moja, kisha ifutwe taratibu mpaka chuma king'are. Kama throtoli ni ya umeme, kisahani kisilazimishwe kwa kidole, kwani meno ya mota yake ni madogo na huvunjika. Injini ikivuma juu kidogo baada ya hapo isimtishe mtu. Kompyuta ya gari inajifunza upya kiasi cha hewa.

Kisha plagi. Rangi ya kahawia isiyokoza ni ishara njema. Masizi makavu meusi yanasema mafuta ni mengi kuliko hewa au injini haipati moto. Unyevu wa oili unasema pete au sili za valvu zimechoka, na hapo hakuna usafi utakaosaidia. Plagi hujichoma masizi yenyewe ikifika nyuzi joto 450 hivi. Gari inayotoka Machomanne mpaka sokoni na kurudi, siku nenda siku rudi, huenda isiufikie moto huo. Safari ya Konde au Mkoani, bila kusimama kila kituo, huifaa.

Valvu za D-4 ni kazi ya fundi, na alipwe inavyostahili. Manifoldi hufunguliwa, valvu za silinda husika huhakikishwa zimefungwa, masizi yakaloweshwa, yakasuguliwa na kunyonywa yasidondokee ndani. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa mtu makini. Anayeahidi kuyatoa kwa dakika kumi bila kufungua kitu aulizwe yatapita wapi.

Yatakayobaki ni matambara meusi na oili chafu. Visima vya Pemba mara nyingi viko hatua chache tu kutoka uani, na mchanga hauzuii oili. Tambara lilale kwenye kopo la bati lenye mfuniko, mbali na jiko, na oili ikusanywe kwenye dumu ipelekwe gereji pamoja na ile ya fundi.