Si uzee, si baridi, si kulogwa: ni ugonjwa, na dawa iko

Wandugu vijana wa Kasongo, Kabambare, Samba, Kunda, Lusangi na Salamabila, na nyinyi wenzetu mulio Kindu, Kinshasa, Lubumbashi na ngambo,

Tumezoea kuwaandikia juu ya barabara, usalama na umeme. Leo tunaandika juu ya mikono.

Katika kundi letu la Kasongo tuko na dada mmoja tunayemwita Yaya, maana ni mkubwa kwetu. Ana miaka 31. Alikuwa anauza mchele sokoni, na kila tukiwa na maandamano, ndiye aliyekuwa anaandika mabango yetu, sababu ana mwandiko mzuri kupita sisi wote. Tangu miaka tatu hivi hashiki tena burashi ya rangi. Vidole vyake vimepinda. Hatumtaji jina, lakini ametupa ruhusa ya kusimulia, na tumemsomea hii maneno kabla ya kuiweka hapa.

Ilianza akiwa na miaka 28. Aliamka asubuhi vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vimekaza kama mti. Kifuniko cha bidoni hakuweza kukifungua. Ikifika saa nne vinalegea kidogo, anaenda sokoni. Kesho yake tena vilevile. Baada ya wiki chache ikawa viganja, magoti, miguu. Kushika mchi na kutwanga sombe ikawa mateso. Kuinama kwenye sala ikawa mateso. Akaanza kusali ameketi, na watu wakaanza kuuliza.

Alienda kituo cha afya. Walimpima malaria, wakampima Widal, wakamwambia ni tifoidi. Alitiwa seromu, akalipa, akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata alirudi, fishi mpya, labo mpya, tifoidi tena. Mara ya tatu enfirmie alimwambia: "Dada, hii ni rimatisimu ya baridi, uache kufua na maji ya baridi." Mara ya nne, mwingine akamwambia: "Ni umri tu, utazoea." Umri gani, kwa mtu wa miaka 28?

Mwishowe alifika kwenye hospitali moja kubwa zaidi. Alipanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane. Radiografi haikufanyika, moto wa umeme haukuwepo. Alipigwa sindano ya deksametazoni. Ile wiki alijiona amepona kabisa! Alicheza kwenye ndoa ya binamu yake, sisi tuliona kwa macho yetu. Baada ya wiki mbili uchungu ukarudi na nguvu mpya. Tangu pale akaanza kununua vidonge vya deksa mwenyewe kwenye famasi ya mtaani, moja asubuhi, moja jioni, miaka karibu miwili. Uso ukavimba, tumbo likatoka. Watu wakawa wanamsalimia: "Yaya, umenona, maisha iko muzuri!" Kumbe ilikuwa ni dawa inamvimbisha, na ndani mwake sukari inapanda.

Nyumbani nako maneno yakaanza. Wengine walisema amelogwa na mwenzake wa sokoni. Walimpeleka kwa mtu akamchanja wembe kwenye viganja, akapaka majivu. Pesa ikaenda, na urafiki wa miaka mingi ukavunjika kwa jambo ambalo yule mwenzake hakulifanya.

Mwisho wa 2024 familia iliuza mbuzi na kipande cha shamba. Moto mpaka Kindu, halafu ndege, mpaka Bukavu. Kule daktari alimshika mikono, akamuuliza maswali: uchungu unakuwa mbaya saa ngapi? Asubuhi inakaza kwa muda gani? Ni pande zote mbili? Akatuma damu labo. Siku zile zile ugonjwa ukapata jina. Miaka karibu miwili na nusu ya fishi, seromu na majivu, na jibu lilianza na maswali matatu.

Tunaomba kila anayesoma hapa akumbuke hayo maswali. Huu ugonjwa waganga wanauita poliatriti rimatoidi. Kwa Kiswahili wengi wanasema baridi yabisi, lakini jina hilo linadanganya, maana hautoki kwenye baridi. Hautoki kwenye maji, wala kwenye uzee, wala kwa jirani. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wanageuka na kupiga viungo vya mwili wenyewe. Hatuhitaji kueleza zaidi kwa watu wa Maniema maana ya askari wanaogeukia wale wanaopaswa kuwalinda. Unashika wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume, na mara nyingi katika umri wa kazi. Alama zake: uvimbe wa viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili, kukaza asubuhi kwa saa moja au zaidi, uchovu usioisha, na mambo hayo kuendelea zaidi ya wiki sita. Ukiziona kwako au kwa mama yako, usikubali kuambiwa "utazoea".

Na musikubali pia kuambiwa kwamba ni ugonjwa wa wazungu. Madaktari wetu wa Kinshasa wameuchunguza kati ya watu wa mji ule na kuchapisha kazi yao mwaka 2012. Uko kwetu. Kule ambako hakuna anayeutafuta ndiko unakosa jina.

Ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini unatulizwa. Dawa ya kwanza inaitwa metotreksati. Si dawa mpya ya matajiri: inatumika kwa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na iko kwenye listi ya dawa za lazima ya OMS. Inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, maana kila siku inaweza kuua. Inaambatana na asidi foliki, inataka damu ipimwe mara kwa mara, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuitumia. Inataka mtu wa kukufuata. Ikianzwa mapema, miezi ya kwanza, inaokoa viungo. Ukichelewa, kiungo kilichokwisha kuharibika hakirudi. Ndiyo sababu tunakasirika. Yaya hakupoteza muda tu kwenye zile foleni. Alipoteza vidole.

Yaya alirudi na dawa ya miezi michache, na ilimfaa: alianza tena kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Halafu mwanzoni mwa 2025 vita vikafika Goma na Bukavu, na ile njia ikawa ngumu. Dawa ikaisha. Tulitafuta Kasongo, tukauliza Kabambare, tukatuma ujumbe Kindu. Famasi zote zilikuwa na diklofenaki na deksa kwa wingi. Ile ya lazima, hapana.

Je, kosa ni la wauguzi? Hatusemi hivyo, na hatutaki mtu aende kumtukana muuguzi kwa sababu yetu. Wengi wao hawako kwenye listi ya mishahara ya serikali, wanangojea primi ambayo haifiki. Kituo kinaishi kwa pesa ya mgonjwa: fishi, labo, seromu. Katika mpango kama ule, mgonjwa anayerudi kila mwezi na tifoidi analisha kituo, na mgonjwa anayehitaji nusu saa ya maswali haingizi kitu. Na yule enfirmie aliyesema "ni umri", nani alimfundisha mengine? Masomo mengi anayopata yanakuja na miradi: malaria, chanjo, lishe. Mradi wa viungo haujafika kwetu.

Lakini kuna jambo moja vijana wengi wa hapa hawalijui, na linatuuma. Katika miaka ya 1970, Kasongo yetu hii ilikuwa shule ya dunia. Timu ya Mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Antwerp ya Ubelgiji, ilijenga hapa mpango wa vituo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kuvisaidia. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha kazi ya timu hiyo juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Mpango ule ni mmoja wa iliyozaa zoni za afya, ambazo leo ni 519 katika inchi nzima. Wanafunzi wa afya katika inchi za mbali wanasoma jina la Kasongo katika vitabu. Na dada wa Kasongo anauza shamba ili kwenda kuulizwa maswali matatu Bukavu.

Tunajua tutaambiwa nini: "Watoto wanakufa na malaria, kuna kipindupindu, kuna wakimbizi wa vita Kabambare, na nyinyi munaleta habari ya viungo?" Tunajibu. Kwanza, anayelima mpunga, anayetwanga, anayechota maji, anayembeba mtoto mwenye malaria mpaka kituoni, ni mwanamke, na anatumia mikono. Mikono ikifa, nyumba nzima inaugua. Pili, hatuombi hospitali mpya. Zoni zetu zinajua tayari kufuata mgonjwa wa muda mrefu. Mgonjwa wa kifua kikuu na mgonjwa wa ukimwi ana kadi yake, ana siku yake, anapimwa, anapewa dawa bila kulipa. Kazi ile ile, daftari lile lile, muuguzi yule yule. Linakosekana shauri la kuongeza ugonjwa mmoja kwenye listi. Tatu, dhahabu inatoka Namoya, pale Salamabila, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba dhahabu ingoje mpaka malaria iishe.

Kwa hiyo, sisi vijana wa Maniema ya kusini tunadai haya:

1. Metotreksati, asidi foliki na predinizoni zipatikane kwenye hospitali kuu za zoni zetu sita: Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Depo ya dawa ya mkoa iziweke kwenye oda yake ya kawaida.

2. Katika kila zoni, daktari mmoja na wauguzi wawili wafundishwe kutambua ugonjwa huu, na wawe na nambari ya simu ya mtaalamu wa Kinshasa wa kumuuliza. Mtandao wa simu unafika mjini Kasongo. Ushauri nao ufike.

3. Mgonjwa wa muda mrefu awe na kadi moja ya mwaka mzima. Kulipa fishi mpya kila mwezi kwa ugonjwa ule ule ikomeshwe.

4. Labo ziweze kupima kasi ya damu kutua na hali ya ini, na radiografi ipate umeme wa jua.

5. Deksa isiuzwe mtaani kama biskuti. Wakaguzi wa zoni wafanye kazi yao.

6. Wabunge wetu, wa taifa na wa mkoa, watuonyeshe kwa maandishi pesa gani ya afya ilipigiwa kura kwa Kasongo na Kabambare, na ngapi ilifika. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Abuja, mwaka 2001, wakuu wa inchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Tunataka kuona hesabu ya kwetu.

Na sisi wenyewe hatutakaa tu kungoja. Kuanzia wiki hii kila kundi letu litafungua daftari. Tutapita nyumba kwa nyumba, tutauliza yale maswali matatu, tutaandika hesabu ya wagonjwa bila majina, na tutaipeleka kwa mkubwa wa kila zoni ya afya, mkononi, tukiomba sahihi ya kupokea. Wakisema hawajui kama wagonjwa wako, tutaonyesha daftari. Tunawaomba pia nyinyi mulio Kinshasa na Lubumbashi: muulize bei ya metotreksati na namna ya kuituma kwa njia ya halali, kwa ordonansi ya daktari, tupate kujua ukweli kabla ya kuambiwa "ni ghali sana".

Kwa wanaotumia deksa sasa hivi: musiache kwa ghafla, ni hatari, mwili umekwisha kuizoea. Muende kwa daktari awapunguzie pole pole. Kwa familia: muache kutafuta mchawi. Mumshike mgonjwa mkono, kwa upole, asubuhi, mumsaidie kufungua bidoni.

Juzi tulikuwa tunatayarisha mabango ya kupeleka kwenye ofisi ya teritware. Yaya alikuja, akaketi. Hakuweza kushika burashi. Alitusomea maneno herufi kwa herufi, na mdogo wake wa miaka 15 akaandika. Mwandiko haukuwa mzuri. Ulisomeka: AFYA NI HAKI YETU, HATUIOMBI KAMA ZAWADI.

Tutaibeba hivyo hivyo.

Sisi vijana wa mwendo wa raia, Kasongo na Kabambare