Kisima cha Ruma na Ubia wa Leo

Waislamu walipohamia Madina, maji matamu yalikuwa tabu kubwa kwao. Palikuwa na kisima kiitwacho Ruma, na mwenyewe akiyauza maji yake. Asiye na pesa hapati. Bwana Mtume (S.A.W.) akawahimiza wenye uwezo miongoni mwa Masahaba wakinunue kwa manufaa ya watu wote, akaahidi malipo ya Pepo. Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) akaitika. Wapokezi wa sera wasimulia kwamba kwanza alinunua nusu, wakapeana zamu na mwenye kisima, siku moja ya huyu na siku moja ya yule. Watu wakawa wakiteka maji ya siku mbili katika siku ya Uthman, bila ya malipo, hata mwenziwe akaona biashara imekufa, akamwuzia nusu iliyobaki. Kisima kikawa wakfu, na ndoo ya Uthman ikawa haina haki zaidi ya ndoo ya maskini.

Tumeanza na kisa hiki kwa kuwa Serikali zetu siku hizi zataka shauri la wananchi juu ya ubia, yaani kuwapa wenye mali kazi ya kujenga na kuendesha bandari, barabara na maji ya watu wote. Je, Mwislamu aseme nini? Twasema aunge mkono, lakini kwa sharti zake.

Aunge mkono kwa sababu hazina ya Serikali ni moja, nayo ndiyo ilipayo walimu na kununua dawa za hospitali. Bandari ikingoja mpaka hazina ijae, meli nazo zitangoja nje, na bei ya mchele itapanda jikoni mwetu. Mwenye mali akitia mali yake na ujuzi wake, akaendesha kazi kwa muda uliowekwa, kisha akairudisha ikiwa nzima, kila mmoja amepata haki yake. Tanzania iliitungia sheria njia hii mwaka 2010, na Kenya mwaka 2013, kisha ikaitunga upya mwaka 2021. Ila tusisahau kwamba Sayyidna Uthman alitaka malipo ya Mola wake, na kampuni yataka faida. Faida ya biashara si haramu. Lakini atakaye faida lazima apimiwe kwa mizani.

Sharti ya kwanza ni kuwa ubia uwe ubia kweli. Mafakihi wetu, katika mlango wa sharika, wamefundisha kwamba hasara humfika kila mmoja kwa kadiri ya mali aliyoitia. Basi aliyedhaminiwa faida, na hasara yote ikaachiwa mwenziwe, huyo si mshirika hata akiitwa mbia katika karatasi.

Wakazi wa Dar es Salaam wana somo lao. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ya mji ulikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wabia kutoka Uingereza, Ujerumani na hapa nchini, kwa mkataba wa miaka 10. Fedha nyingi za kutengeneza mabomba zilikuwa mikopo iliyochukuliwa na Serikali. Kampuni ilitia sehemu ndogo. Makusanyo yakawa chini ya yaliyotazamiwa, ugomvi ukaingia, na mwezi wa Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Kampuni iliondoka, deni halikuondoka, na akina mama waliendelea kununua maji kwa ndoo na madumu.

Sharti ya pili ni kuandika na kushuhudisha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni. Ikiwa Mwenyezi Mungu ametuamrisha hivyo katika deni la watu wawili, sembuse mapatano ya miaka 30 yatakayolipwa na wajukuu zetu! Bei, muda, njia ya kuuvunja mkataba, na nani atabeba hasara: yote yajulikane kabla ya kutiwa saini.

Sharti ya tatu ni shauri lije mapema. Makubaliano ya Tanzania na Dubai juu ya bandari yaliridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023. Mjadala mkubwa wa wananchi ulipamba moto baada ya hapo, na tarehe 22 Oktoba mikataba na DP World ikatiwa saini Dodoma. Hapa hatuihukumu mikataba ile. Twasema tu kwamba shauri likija nyuma ya uamuzi huzaa tuhuma, hata uamuzi ukiwa mwema.

Na lilituhuzunisha jambo moja katika mjadala ule. Wako walioupima mkataba kwa nasaba ya mshirika: huyu akaupenda kwa kuwa ni Mwarabu, na yule akauchukia kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili hawakuusoma. Dini yetu imetuamrisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Mkataba mbaya wa Mwislamu ni mbaya, na mkataba mwema wa asiyekuwa Mwislamu ni mwema.

Basi, enyi vijana, Serikali itangazapo kwamba yapokea maoni, msibaki barazani mkinung'unika. Utafuteni mswada, mkausome pamoja na wazee wenu baada ya sala ya Isha, na mwandike maswali haya: Nani anatia mali? Nani anabeba hasara? Mkataba unakwisha lini? Na maskini atapata ndoo yake kwa bei gani? Yapelekeni kabla ya siku ya mwisho. Kusema kwa adabu na kwa wakati ni katika kuilinda amana.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi na viongozi wetu katika yenye kheri. Amin.