Okutoyi alianzia uwanja wa jirani, Modogashe je?

Sikia, kijana wa Modogashe. Angella Okutoyi hakutoka kwa familia ya pesa. Alilelewa na nyanyake Loresho, Nairobi, na akaanza kushika raketi akiwa mtoto mdogo katika shule ya msingi ya hapo hapo. Mwaka wa 2022 akatwaa taji la Wimbledon la wasichana chipukizi, wachezaji wawili kila upande, akishirikiana na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Ndiye Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam. Akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, na 2024 akaleta dhahabu ya Michezo ya Afrika kutoka Accra.

Sasa tulia ufikirie. Je, angezaliwa kwenu? Bidii ingekuwepo, lakini raketi angeishikia wapi? Mradi wa lami ya Isiolo hadi Mandera unapitia Modogashe, na hiyo ni poa. Lakini barabara husafirisha kipaji ambacho tayari kimeonekana. Ili kionekane, unahitaji uwanja karibu na shule, kocha na mipira.

Kwa hivyo mwanasiasa akija kuomba kura 2027, usimuitishe fulana. Muitishe hivyo vitatu.