Waacheni watoto wagawanye 1 kwa 7 bila kukatizwa

Na Rehema Mwakyusa

Mwanafunzi wa darasa la sita akiambiwa agawanye 1 kwa 7, huandika 0.14, anawekewa vema, na somo linasonga mbele. Jibu hilo kwa nafasi mbili za desimali ni sahihi. Ninachopinga ni haraka yetu ya kumsimamisha mtoto hapo. Angeachwa aendelee, angepata 0.142857, kisha 142857 tena, na tena, bila kikomo. Kwangu mimi, 142857 ni miongoni mwa namba nzuri kuliko zote anazoweza kukutana nazo mtu mwenye penseli na karatasi tu.

Izidishe kwa 2, unapata 285714. Kwa 3 ni 428571, kwa 4 ni 571428, kwa 5 ni 714285, kwa 6 ni 857142. Tarakimu ni zilezile sita na zinafuatana vilevile. Kinachobadilika ni ipi inayotangulia. Ukizidisha kwa 7, zote zinatoweka na unabaki na 999999.

Wengi wakionyeshwa haya husema ni maajabu, basi, wanafunga daftari. Hapo ndipo mwalimu asikubali, maana sababu ipo na mtoto anaiweza. Ukigawanya kwa 7 na hesabu isiishe, baki haiwezi kuwa nyingine ila 1, 2, 3, 4, 5 au 6. Tuifanye: 10 kwa 7 ni 1, baki 3. Kisha 30 kwa 7 ni 4, baki 2. 20 inatoa 2, baki 6. 60 inatoa 8, baki 4. 40 inatoa 5, baki 5. 50 inatoa 7, baki 1. Tumerudi kwenye 1 tuliyoanza nayo, kwa hiyo lazima kila kitu kijirudie. Na kwa kuwa baki zote sita zimepita kwa zamu, 2/7 inaanzia pale ilipotokea baki 2, na kutoa 0.285714. Mtoto aliyeona hilo kwa macho yake ameshika uthibitisho, hakukariri.

Namba tasa nyingine zina tabia zake. 13 ina mizunguko miwili, 076923 na 153846. 17 ina mmoja tu, wa tarakimu 16. Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani alizichambua desimali za namna hii katika kitabu chake cha 1801. Mwaka 1927 Emil Artin alitoa dhana ambayo kwayo namba tasa zenye mzunguko mmoja kamili, kama 7, 17, 19 na 23, hazina mwisho. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha.

Tena, kipeo cha pili cha 142857 ni 20408122449. Kikate, ujumlishe 20408 na 122449: unarudi kwenye 142857. Namba zenye sifa hiyo zinaitwa kwa jina la D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India, ambaye hakuwa na wadhifa wa chuo kikuu.

Walimu wa hisabati, nawaomba kipindi kimoja tu. Wekeni kikokotoo kando, andikeni 1/7 ubaoni, waambieni watoto waandike kila baki pembeni na wasikome mpaka wajue kwa nini zinarudi. Watakaomaliza mapema, wapeni 1/17.