KARAMU MOJA HAIMFIKISHI DAKTARI



Twataka kusema kidogo juu ya karamu za hisani. Siku hizi mabwana na mabibi hukutana usiku katika hoteli kubwa, hununua meza kwa maelfu ya shilingi, hula, husikiliza bendi, kisha huchanga fedha za kuwapeleka watoto wa maskini ng'ambo wakasomee udaktari. Wako wenzetu wanaosema hayo ni majivuno ya matajiri tu. Wako na wengine wanaosema kwamba mnyonge kazi yake ni kupokea na kunyamaza. Sisi hatukubaliani na hawa wala wale.

Kwanza, msaada wa namna hii si kitu cha kudharauliwa, hasa na watu wa vyama vya wafanya kazi. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege kwenda kusoma Marekani. Aliyekuwa mbele katika kuipanga safari hiyo ni marehemu Tom Mboya, Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vyetu, K.F.L., mtu ambaye kabla ya kushika mambo ya vyama alikuwa mkaguzi wa afya katika Jiji la Nairobi. Nauli ilichangwa na watu wa Marekani. Jackie Robinson mcheza besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mcheza sinema walitia sahihi zao katika barua ya kuomba michango. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Mamia ya vijana wakapata njia.

Lakini nauli peke yake haikumsomesha mtu. Vyuo vya kule vilitoa nafasi na misaada ya ada. Wazazi hapa nyumbani waliuza ng'ombe, wakafanya chai na dansi za mchango ili kijana asiende mikono mitupu. Naye kijana mwenyewe alitafuta kazi wakati wa likizo. Safari ile ilifaulu kwa sababu mikono mingi iliendelea kushika baada ya ndege kuondoka.

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Mwenye tiketi ya kutoka Nairobi mpaka Voi hafiki Mombasa nayo, hata kama alisindikizwa stesheni kwa ngoma. Na udaktari ni safari yenye vituo vingi. Masomo hayo yalianza kufundishwa Nairobi mwaka 1967, na siku hizi ni ya miaka sita. Aliyesoma ng'ambo, akirudi, ana mtihani wa kufanya ili akubaliwe na Baraza la Madaktari, kisha ana mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa kabla hajaachiwa wagonjwa peke yake. Usiku mmoja wa karamu utamlipia mtoto vituo vingapi?

Fikirini mtoto aliyeachwa njiani. Mwaka wa kwanza karamu ilijaa. Mwaka wa tatu wenye fedha wamehamia jambo jingine linalopendeza zaidi. Mtoto yuko nchi ya mbali, ada imekwisha, kodi ya chumba haijalipwa, nauli ya kurudi hana. Baba yake ni fundi wa karakana, au mama yake hufagia stesheni. Auze nini? Mtoto huyu ameumizwa kuliko yule ambaye hakuchukuliwa kabisa.

Tena kuna kituo cha mwisho, ambacho katika hotuba za karamu hakitajwi. Tarehe 14 Machi 2024 wenzetu wa chama cha madaktari waligoma, na mgomo ukaendelea mpaka 8 Mei. Moja ya madai makubwa lilihusu madaktari wanagenzi, yaani hao walio katika mwaka wa hospitali. Mapatano ya 2017 yaliwapa Shs. 206,000/- kwa mwezi. Serikali ikasema italipa Shs. 70,000/-. Wengine walikuwa wamemaliza chuo, wakakaa nyumbani wakingoja kuitwa kazini huku hospitali zikiwa na upungufu wa madaktari. Twauliza: wale wanaompigia makofi mtoto wa maskini siku ya karamu, husikika wapi siku anapodai mshahara wake? Kumpenda angali mnyonge, kisha kumwita mkorofi akisimamia haki yake, hiyo si hisani. Na akikosa kazi hapa atabaki huko huko alikosoma, na sisi tutakuwa tumewasomeshea watu wa huko daktari wao.

Basi sisi twasema mambo matatu.

La kwanza ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila karamu itangaze fedha zilizoingia, fedha zilizokwenda kwa hoteli, bendi na maua, na fedha zilizobaki kwa ajili ya mwanafunzi. Wala asichukuliwe mwanafunzi mpya mpaka fedha za yule wa kwanza ziwe zimewekwa hadi mwaka wake wa mwisho.

La pili ni heshima. Mtoto wa mfanya kazi asisimamishwe mbele ya meza za watu walioshiba ili aeleze njaa ya kwao. Amefaulu mtihani, hiyo ndiyo barua yake.

La tatu ni mkono wetu wenyewe. Tufanye hesabu. Tawi la wanachama 400, kila mmoja akikatwa Shs. 50/- kwa mwezi, litapata Shs. 20,000/- kwa mwezi, Shs. 240,000/- kwa mwaka, na kwa miaka sita Shs. 1,440,000/-. Fedha hizi hazitasomesha kijiji kizima. Lakini zitakuja kila mwezi, iwe kuna bendi au hakuna, na zitamkuta mtoto mwaka wa tatu wakati wengine wamemsahau.

Wako watakaosema kwamba mshahara hautoshi hata unga. Ni kweli, na kwa sababu hiyo asilazimishwe mtu. Jambo hili lizungumzwe katika mkutano wa tawi, lipigiwe kura, na mfuko uwe na kamati yake na daftari lake ambalo mwanachama yeyote aweza kulifungua. Mwenye fedha za karamu akitaka kuongeza, aongeze, tutamshukuru. Lakini atakuta meza ambayo sisi pia tumeketi, kwa maana aliyetia senti yake ana haki ya kuuliza, na aliyeletewa tu huishia kusema ahsante.

Makatibu wa matawi, tafadhali liandikeni jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Mitihani ya shule itakwisha, na majina ya watoto waliofaulu yatatolewa. Wengine ni watoto wetu. Afadhali tuwe tumekwisha kukubaliana kabla hawajaanza kutafuta mlango wa kubisha.