Mwalimu Aliyefunga Mlango

Daniel arap Moi alizikwa Kabarak, hapa Nakuru, Februari 2020. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa viongozi wa KADU, chama kilichotetea jamii ndogo zisimezwe na kubwa. KADU ilivunjwa 1964. Naye akawa Makamu wa Rais 1967, na Rais 1978.

Juni 1982, chini ya utawala wake, Bunge lilipitisha Kifungu cha 2A. Aliyewahi kukimbilia chama cha pili akakiharamisha chama cha pili. Wananchi, mawakili na makanisa walipaza sauti hadi kifungu kikafutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata, Molo na Olenguruone zikawaka moto, watu wakauawa na kufukuzwa makwao.

Hukumu ya marehemu twamwachia Mungu. Letu ni funzo: haki isitegemee hisani ya mtawala, wala sheria haijilindi yenyewe Bunge likinyamaza. Basi kila mgombea ajapo kanisani kuomba kura, na aulizwe: ukishinda, watakaokupinga watasimama wapi?